Kivuko cha Mgonjwa

Juzi watu wa barabara wamepita tena na kopo la rangi nyekundu. Barabara yetu ya Gungu inapanuliwa, inawekwa lami, mitaro inachimbwa upya, na kila kivuko kisicho na kibali kinapigwa X. Nikisema kivuko simaanishi kile chombo cha kuvusha watu majini. Nasema kile kipande cha zege kinacholala juu ya mtaro ili gari litoke barabarani liingie kwako. Jirani wa kushoto kapigwa X. Wa kulia kapigwa X kubwa zaidi, na tangu asubuhi alikuwa barazani anawasema wachoraji na mama zao. Mimi nilisimama getini nikingoja zamu yangu, na niseme ukweli, nilikuwa naingoja kwa hamu.

Kivuko chetu alikijenga baba, miaka ile ya wakimbizi. Mji ulikuwa umefurika. Maboti yanashusha watu ufukweni Kibirizi, wengine wanatokea mpakani kwa miguu, na malori yanapita mchana kutwa kuwapeleka kambini. Malori hayo ndiyo yaliyotuletea mtaro. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, halmashauri ikaletewa mtambo, wakaitengeneza ili malori yapite, na pembeni wakachimba mtaro wa kumfika mtu mzima kifuani. Hawakutuuliza. Tuliamka tukakuta nyumba yetu iko ng'ambo.

Kila mtu akatupa gogo lake la mchikichi juu ya mtaro, maisha yakaendelea. Mchikichi ukilowa unateleza na ukikauka unaoza, lakini nani alikuwa na gari? Tulipita na ndoo kichwani, tukacheka aliyedondoka, basi. Mama alikuwa mtoto wa Ujiji, mwanamke wa mdomo, akawa anasema serikali imetupa bahari ya bure mlangoni.

Halafu akaja shangazi.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, wa baba mmoja mama mmoja, wamezaliwa huku huku Uha. Akaolewa ng'ambo ya mpaka, Burundi, akiwa msichana, enzi hizo watu wakivuka kwenda kuoa na kuolewa kama mtu anayetoka Rusimbi kwenda Ujiji. Alizeekea kule. Vita vilipowaka baba akaacha kulala. Kila asubuhi anavaa koti lake la reli, anashuka ufukweni, anatembea katikati ya watu walioshushwa, anaangalia nyuso za vikongwe. Jioni anarudi, mama anamtazama, hamwulizi. Siku aliyompata alirudi anasukuma mkokoteni wa kukodi, shangazi kalala juu yake, nyonga imevunjika. Ilivunjika kwenye msukumano wa kupanda boti. Watoto wake wa kiume na mumewe walibaki kule, ardhini.

Ufukweni walikuwa wamekwisha kumwandikisha na kumpa kadi ya ukimbizi, kama walivyopewa wote, na pamoja na kadi blanketi na biskuti. Baba aliiona ile kadi akaiweka juu ya kabati. Kwake ilikuwa karatasi ya kupatia blanketi. Alisema mtu aliyerudi kwao si mkimbizi, ni mtu aliyerudi kwao. Alilisema hilo kwa utulivu kabisa, na sisi wote tukaona ndivyo.

Nililala naye chumba kimoja. Nilikuwa nimemaliza shule, nashona kwa fundi wa jirani mchana, na usiku mimi ndiye niliyemgeuza, niliyemsafisha, niliyemwekea beseni. Alikuwa mwepesi, mikono yote mifupa. Alisali rozari yake kwenye mkeka ule ule ambao mama alisalia swala zake, na wakipishana mama anamwambia, "Wifi, leo umeniombea au umenisengenya?" Shangazi anacheka mpaka anashika nyonga. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Tuliongea Kiha, na yeye anachanganya Kirundi, tunaelewana bila shida. Ukimweka barazani kulikuwa na mwanya kati ya nyumba mbili ambapo ziwa linaonekana kidogo, la buluu. Aliniuliza kama ni lile lile. Nikamwambia ndilo hilo hilo. Akaniuliza tena kesho yake.

Shida ilikuwa hospitali. Nyonga ilitakiwa kuangaliwa, kupigwa picha, kufungwa upya, na kila mara ilibidi abebwe kwenye blanketi na wanaume, wavuke gogo la mchikichi mmoja mbele mmoja nyuma, mpaka barabarani penye gari. Siku moja baada ya mvua aliyekuwa mbele akateleza. Shangazi akaanguka mtaroni, na blanketi lake, kwenye tope. Sijawahi kusikia mtu akilia vile, na sitaki kusikia tena. Baba aliruka akaingia mtaroni na koti lake, akamkumbatia kule chini, wakakaa. Walipotolewa baba akasema, "Gari litafika mlangoni. Sitaki tena dada yangu abebwe kama kiroba."

Kesho yake akawaita majirani wakajaza mtaro kwa mawe na udongo, wakaacha tundu la kupitishia maji. Baba alikuwa mtu wa reli, si mtu wa maji. Mvua ya kwanza kubwa, maji yakaligomea tundu, yakaingia kwa jirani wa chini, viti vikaelea sebuleni. Jirani hakugombana, maana alijua kuna mgonjwa. Lakini habari ilifika halmashauri, na akatumwa mtu.

Mtaani tulizoea kumwita bwana mitaro, kama wengine wanavyoitwa bwana afya na bwana shamba. Kijana wa kutoka mikoa ya kaskazini, kaletwa kikazi, mrefu, mabuti ya mpira yamemfika magotini. Hakuwa na dharau. Alimwamkia baba shikamoo, akasimama ukingoni, akaangalia ule ujenzi wetu, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii lazima itoke."

"Na mgonjwa wangu apite wapi?"

Ndipo akatusomea sheria, kwa kichwa, bila karatasi. Mtaro ni mali ya barabara. Hata kivuko ukikijenga kwa jasho lako ni mali ya barabara, wewe unakitumia tu na kukifagia. Hujazi mtaro. Unaweka kalavati, yaani bomba la zege, la upana watakaokuambia wao, au unamwaga zege lenye nondo. Hakizidi upana wa gari moja. Hakigusi nguzo ya umeme wala bomba la maji. Hakipandi juu ya usawa wa barabara. Na kabla ya yote unaomba kibali, unapitia kwa mwenyekiti wa mtaa, unataja sababu, mkaguzi anakuja kupima. Baba alisikiliza kwa makini sana. Alizipenda sheria, baba yangu. Reli ilimlea hivyo.

Kazi yake ya reli, lazima niieleze hapa, ilikuwa kusimama nyuma ya mabehewa yanaporudi nyuma na kumwongoza dereva wa treni kwa bendera na mkono. Njoo, njoo, taratibu, simama. Alijisifu kwamba hakuwahi kugongesha behewa maisha yake yote. Hata jirani akirudisha baiskeli alimwongoza. Mama alikuwa anamtania kwamba hata akifa atawaongoza wachimba kaburi.

Basi akauondoa ule udongo, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akamwuliza, "Sababu tuweke nini? Wengine huweka gari la nyumbani, au biashara." Kumbe kijikanuni kilikuwepo kwamba kivuko cha gari hupewa mwenye gari. Mwenyekiti mwenyewe akamshauri aseme anatarajia kununua gari. Nani atakuja kulitafuta hilo gari? Jioni mama naye akamshika.

"Sema unanunua pikapu. Hujasema uongo, si unaitamani?"

"Gari sina," baba akasema. "Dada ninaye."

"Mume wangu, wewe ukiulizwa saa utaeleza na duka ilikonunuliwa."

Baba akacheka. Lakini hakubadilika, akaenda akasema anaomba kivuko kwa ajili ya mgonjwa, na bwana mitaro akapangiwa kuja kupima.

Alikuja asubuhi, na futi kamba na mwenzake wa kushika ncha. Shangazi alikuwa barazani kwenye mkeka wake. Sasa, mtu asiyeijua Uha hajui salamu ni kitu gani. Kwetu salamu si maneno mawili unapita. Mgeni wa heshima akija unampigia makofi ya taratibu, unamwuliza alivyoamka, alivyowaacha wa kwao, mifugo, mvua, halafu na wewe unatoa habari zako zote, toka mwanzo, bila kuruka, kwa sababu kumficha mgeni habari ni kumwambia hana maana kwako. Wazee wa zamani hawakujua kufupisha. Bwana mitaro alipoinama kusema "Shikamoo bibi," shangazi akajiinua kwa kiwiko, akapiga makofi, akaanza. "Mwakeye, mwakeye." Akaona huyu ni mtu mkubwa wa serikali, kaja mwenyewe kumtengenezea njia, anastahili salamu kamili.

Akampa habari. Alikoolewa. Mlima wake. Walivyokuja usiku. Mumewe alivyomwambia tangulia. Wanawe, mmoja mmoja, kwa majina. Kadi aliyopewa ufukweni, na biskuti, na blanketi, akasema ahsante kwa blanketi. Na bwana mitaro hakujua Kiha, kwa hiyo baba alisimama kando yao na kutafsiri. Kila neno. Mama alikuwa mlangoni anakohoa kikohozi kisichokuwepo. Baba hakugeuka. Maneno ya dada yake mkubwa atayakata kwa ruhusa ya nani? Kumrukia mkubwa maneno akiwa anatoa habari, tena mbele ya mgeni, baba asingelifanya hilo hata kwa kuchapwa.

Kijana wa watu alichuchumaa, futi kamba mkononi, hapimi kitu. Wakati huo redio ilikuwa imeshaanza kutangaza kwamba wakimbizi wote walioko mjini warudishwe kambini. Alijua anachokisikia. Shangazi alipomaliza, bwana mitaro akamwambia baba kwa sauti ya chini, "Mzee, haya mengine mimi sikuyasikia."

Namkumbuka baba alivyonyooka. Alidhani anaambiwa ametafsiri vibaya, au dada yake ameonekana mtu wa kusikilizwa nusu.

"Umeyasikia," akasema. "Nimekutafsiria mwenyewe."

"Sababu niandike mgonjwa tu?"

"Andika mgonjwa, dada yangu, aliyekimbia vita. Asije mtu akasema nilipata kibali kwa ujanja."

Bwana mitaro akamtazama mama pale mlangoni. Mama akageuka akaingia ndani. Yule kijana akaandika, neno kwa neno. Akapima mtaro, akaacha vigingi viwili na kamba, akaondoka bila kunywa chai.

Mpaka leo simlaumu. Alimfungulia baba mlango, baba akaufunga kwa adabu zote.

Kibali kilitoka mapema kuliko tulivyotegemea, na baba akajenga. Hakutaka fundi amharakishe. Alikunja nondo mwenyewe, akachuja mchanga, akamwaga zege asubuhi kabla jua halijawa kali, akalifunika kwa magunia na kulimwagia maji kila jioni ili lisipasuke. Shangazi anamtazama kutoka barazani na kumwelekeza kazi asiyoijua. Majirani wanakuja kukisifia. Jioni baba alikuwa anakipima kwa macho, akifunga jicho moja. Kilikuwa kivuko kizuri. Uchungu wangu wote unaanzia hapo, kwamba kilikuwa kizuri.

Kilipokauka baba akaenda hospitali, akaongea na dereva wa gari la wagonjwa, mtu aliyewahi kuwa naye reli. Dereva akaahidi kesho asubuhi atapita kumchukua bibi, ampeleke kupigwa picha, na atamrudisha. Usiku ule shangazi hakulala kwa furaha. Alfajiri nilimwogesha, nikampaka mafuta ya mawese miguuni kama alivyopenda, nikamvalisha kanga mpya ya mama. Nikamfungia kijifurushi: sahani, blanketi, rozari. Akaniambia nimvalishe na viatu. Nikamwuliza viatu vya nini na hakanyagi chini. Akasema hospitali haendi mtu miguu mitupu. Nikamvalisha.

Tulisikia gari linapunguza mwendo, linasimama, linaingiza gia ya nyuma. Baba alikuwa ameshatoka. Mimi nilikuwa nafunga kilemba cha shangazi, nikawa namsikia baba huko nje, sauti ile ya reli, yenye raha. "Njoo. Njoo. Kata kulia kidogo. Njoo, njoo baba, upo sawa. Taratibu. Njoo." Nikachungulia dirishani. Alikuwa amesimama kwenye kivuko chake, mkono mmoja juu, mkono mmoja unavuta, uso unang'aa, anamwongoza dereva kwa kioo cha pembeni. Halikuwa gari la wagonjwa, lilikuwa lori la turubai, na baba alidhani hospitali wametuma walilopata. Likapanda juu ya zege bila kutikisika. Likarudi nyuma mpaka karibu na baraza.

"Simama," baba akasema, na likasimama pale pale alipotaka.

Ndipo turubai likafunuliwa nyuma, na tukaona watu wamekaa ndani, wanawake na vifurushi vyao, na mgambo wawili wakaruka chini. Mmoja akatazama karatasi yake, akamwambia mwenzake, "Ndiyo hapa. Penye kivuko cha mgonjwa."

Baba alibaki na mkono juu. Nilimwona akiushusha polepole.

Alisema kila kitu. Kwamba huyu ni dada yake, wametoka tumbo moja, kazaliwa huku, akawatajia na kijiji. Mgambo mkubwa hakuwa mkali, alionekana kachoka tu. Akamsogelea shangazi akamwuliza kwa Kirundi cha kujifunza kazini, bibi umetoka wapi? Na shangazi, aliyedhani hawa ni watu wa hospitali, akawapigia makofi, akaanza kutoa habari. Ilibidi wamkatize. Kadi ilikuwa juu ya kabati, na alipoulizwa akaonyesha kwa kidole ilipo.

Baba akaomba apande naye. Wakamwambia lori ni la wenye kadi. Akaomba basi wampitishe hospitali kwanza. Wakamwambia kambini kuna madaktari. Wakambeba, na niseme walimbeba vizuri kuliko sisi, kwa sababu hapakuwa na mtaro wa kuvuka. Walimlaza kwenye miguu ya wanawake waliokuwemo. Shangazi akatushukuru. Akamwambia baba, kwa Kiha, "Mwana wa mama, njia yako ni nzuri." Mama akatoka mbio na kopo la mawese na dagaa kwenye mfuko, akawarushia. Lori likashuka kivukoni. Gari la wagonjwa lilifika baadaye, dereva anapiga honi, anauliza bibi yuko tayari.

Nilikaa chumbani nikalia mpaka macho yakafumba yenyewe. Beseni lake lilikuwa pale pale chini ya kitanda.

Kwenda kambini nako kunataka kibali. Baba akaanza tena: mwenyekiti wa mtaa, ofisi hii, ofisi ile, njoo kesho, mwenye muhuri yuko safarini. Alivaa koti lake kila siku. Kibali cha zege kilikuwa kimetoka chapchap, na cha kumwona dada yake kikasuasua mpaka mvua zikaanza na kuisha. Alipokipata akapanda gari la mizigo, na sisi tukampakia ugali wa muhogo na migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwa letu, kwamba shangazi apate ladha ya nyumbani.

Alirudi na vile vyakula. Mama alimpokea mkoba, akauona uzito wake, akajua. Akamwuliza tu, "Umemkuta?"

"Nimemkuta," baba akasema. "Kalala pazuri. Wamemwekea na msalaba wa kijiti."

Hakutueleza zaidi. Mwanamke mmoja wa lori lile ndiye aliyemwonyesha kaburi, na akamwambia njia ilikuwa mbaya na nyonga ilifunguka tena. Haya niliyasikia kwa mama miaka mingi baadaye. Baba mwenyewe hakulitaja jina la dada yake mbele yetu tena. Na hakumwongoza mtu tena kwa mkono, si gari, si baiskeli.

Na kivuko hakukikanyaga. Mwanzoni hatukugundua. Tukadhani anapita huko kwa bahati tu, anakagua kitu mtaroni. Mwisho tukaona ndivyo anavyopita siku zote. Anafika ukingoni, anashika majani, anashuka mtaroni, anapanda upande wa pili, anafuta magoti, anaendelea. Kivuko kiko hatua chache kando yake, kimelala safi, kimefagiwa. Maana alikifagia, sheria ilisema mtumiaji akifagie. Vijana wa mtaa wakamcheka, mzee wa reli kapotea njia. Mama alimsihi mvua ikinyesha. "Mume wangu, utavunjika na wewe." Anamjibu, "Napita." Alizeeka hivyo, anashuka na kupanda, mpaka miguu ilipokataa akawa hatoki tena.

Alipofariki mazishi yalikuwa Ujiji. Alikuwa amesilimu alipomwoa mama, kwa hiyo alioshwa, akasaliwa, jeneza likainuliwa mabegani, wanaume wakaanza kutoka naye. Walipokaribia barabara mama akapita katikati yao, jambo ambalo mwanamke halifanyi, akasimama kwenye kivuko.

"Hapiti hapa," akasema.

Shehe akamwambia kwa upole maiti haicheleweshwi. Mama akasema hajamchelewesha, ila hapiti hapa. Wazee waliokuwa wanajua wakaelewa kwanza. Wakaingia mtaroni na kanzu zao, wengine wakabaki juu huku na wengine wakazunguka kule, na baba akapita juu ya mikono yao, akatolewa upande wa pili. Bwana mitaro alikuwemo, siku hizo ana mvi na kilo za kutosha. Alikuwa kasimama chini kabisa, kwenye maji, na viatu vyake vya ofisini. Hatukusalimiana. Nilitaka, nikashindwa.

Mama naye ameshaondoka. Nyumba nimebaki nayo mimi. Na kivuko kipo, malori ya mchanga ya majirani yamekipanda miaka yote hii, hakina hata ufa. Ndiyo maana nilikuwa nawangoja kwa hamu hawa wa rangi nyekundu, nikidhani kibali cha baba kilishapotea huko ofisini.

Safari hii mkaguzi ni binti, wa umri wa kuweza kuwa mwanangu, kavaa kizibao cha kung'aa. Akapima. Akaita mwenzake wakapima tena. Wakachungulia chini, wakagonga zege kwa nyundo, wakasikiliza. Halafu akaniletea tabasamu.

"Mama, hongereni. Mtaa mzima ni hiki tu kilichofuata taratibu. Na kibali chake kipo ofisini. Hiki tunakiacha."

Nikamwambia, "Kivunjeni."

Alidhani natania. Nikarudia. Akaniambia hawawezi, kivuko halali ni mali ya barabara, si yangu, na ili kivunjwe lazima mwenye nyumba aombe kibali cha kukivunja. Aliniambia kwa heshima kabisa, kama yule wa kwanza. Nikamwambia basi naomba, hapa hapa. Akatafuta kalamu.

"Sababu tuandike nini, mama?"

"Andika kulikuwa na mgonjwa."

Akaacha kuandika, akanitazama. "Mgonjwa ni sababu ya kujenga kivuko, mama. Ya kuvunja sijui kama watanielewa."

Nikamvutia kiti pale barazani, kwenye ule mwanya ambapo ziwa lilikuwa likionekana kabla hawajajenga ghorofa. Nikamwambia akae kwanza, nimpe habari.